Nani Atamfuata Mtu Mkunazini Asionekane?

Hotuba kwa vijana wa filamu, Unguja mjini, usiku wa maonyesho ya filamu za kipolisi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Na wenzetu wasio Waislamu, nakuamkieni pia, hamjambo.

Mwenyekiti wa jioni yetu, walimu wangu mliokaa mbele, vijana wa kamera na vijana wa kalamu, na mama zangu mliokuja mkidhani leo kuna taarabu: ahsanteni kwa kuvumilia. Najua mmekaa humu tangu baada ya Magharibi, filamu mbili mfululizo, na viti vya plastiki havina huruma. Nitasema niliyoitiwa, kisha tuulizane.

Nimeombwa nizungumze kuhusu filamu za polisi wanaofuatilia watu. Kuna nyingi za magari kukimbizana na vioo kuvunjika, na hizo hamhitaji mtu wa kukufafanulieni. Nimezichagua hizi mbili kwa sababu ni kisa kimoja kilichosimuliwa katika miji miwili, na kisa kikihama mji ndipo unapoona kilikuwa kimeegemea nini.

Ya kwanza, Eye in the Sky, ni ya Hong Kong, 2007. Ameiongoza Yau Nai-hoi, na ilikuwa mara yake ya mwanzo kukaa kwenye kiti cha muongozaji baada ya miaka mingi ya kuandika miswada, mingi kati ya hiyo kwa ajili ya Johnnie To, muongozaji mkongwe wa huko Hong Kong. Ya pili, Cold Eyes, ni ya Korea Kusini, 2013, imeongozwa na Cho Ui-seok na Kim Byung-seo. Wakorea zaidi ya milioni 5 walikata tiketi kuitazama. Wenye macho makali wamemwona Simon Yam, mkuu wa kikosi katika ile ya Hong Kong, akijitokeza kidogo mwishoni mwa ile ya Seoul. Hapo Wakorea wamemuheshimu mwenye kisa chake. Tulishike hilo, maana hapa petu mtu akichukua kisa cha mwenzake hubadilisha majina ya wahusika, akaweka na bango, akasema ni chake.

Kisa mmekiona, nitakipitia mbio. Binti mgeni kazini anaingizwa kwenye kikosi cha polisi ambacho kazi yake ni kufuata na kutazama, basi. Hawakamati, hawahoji, hawapigi mlango teke. Wakishajua mtu wanayemtaka anakaa wapi na anakutana na nani, wanawapisha wenzao wenye silaha. Binti anapewa jina la kazini, na jina lenyewe ni la mnyama ambaye sitamtaja mbele ya mama zangu, mmelisikia. Upande wa pili kuna genge la majambazi, na mkuu wao naye ni mtazamaji. Yeye haingii kuiba. Anapanda juu, anaiangalia mitaa kutoka kwenye paa, na anawaambia vijana wake dakika ya kuingia na dakika ya kutoka. Kwa hiyo ni watazamaji wawili wanaotafutana, na yeyote atakayeonekana mwanzo ameshindwa.

Hebu turudi pale mkahawani, mwanzoni mwa filamu. Binti amemfuata mwanamume mmoja safari nzima, kwenye usafiri wa umma, barabarani, mpaka ndani ya mkahawa. Anajiona hodari. Kumbe yule bwana ndiye mkuu wa kikosi, na safari yote ilikuwa mtihani. Bwana hampongezi. Anaanza kumuuliza: nani alikaa karibu yangu? Alivaa nini? Mimi nilifanya nini njiani, na kwa mpangilio gani? Binti anatulia, anaanza kuyatoa moja moja, na sisi tunarudishwa nyuma kuyaona yale tuliyokwisha kuyaona bila ya kuyaona.

Hakuna bastola pale. Watu wawili na meza. Na humu ndani mlikuwa kimya hata feni ilisikika. Nilikuwa nimekaa pembeni nikikutazameni nyinyi badala ya kutazama filamu, na niliona wengi mnakunja nyuso, mnajiuliza: mie nilimwona yule? Muandishi amekutieni nyote kazini. Kabla ya jambazi hajatokea, mmeshaapishwa. Ndiyo maana baadaye, binti anaposimama barabarani akijifanya anatazama dirisha la duka, wewe uliye kwenye kiti cha plastiki Unguja unashika pumzi. Vijana wangu wengi wa hapa wanaandika filamu ya kipolisi wakianza na maiti ufukweni. Maiti ni rahisi. Andikeni mtihani kama ule, watu wawili na meza, muone jasho litakavyokutokeni.

Sasa kazi yenyewe ya kufuata mtu inafanywaje? Utaratibu wake wa msingi unajulikana na si siri. Mtu hafuatwi na mtu mmoja. Wanakuwa watatu kwa uchache. Mmoja yuko karibu na anayefuatwa. Wa pili yuko nyuma ya wa kwanza, hamwangalii anayefuatwa, anamwangalia mwenzake. Wa tatu anatembea upande wa pili wa barabara, sambamba. Anayefuatwa akikata kona, yule wa karibu hakati naye. Anapitiliza moja kwa moja kama mwenye safari zake, na yule wa ng'ambo anachukua nafasi yake. Kwa hivyo mtu akigeuka nyuma kila baada ya kona anaona uso mwengine. Wanabadilisha kofia, mfuko, shati la juu. Viatu ndivyo havibadilishwi kirahisi, na ndiyo maana mwenye kuvizia na mwenye kuviziwa wote wawili hutazama miguuni. Macho kwa macho ni haramu. Ukishakutana naye macho, wewe umeshtukiwa, unatoka kwenye kazi ya siku hiyo, anaingia mwengine. Na kila kitu kinaandikwa: saa, mahali, nani kampa nani nini. Kazi ya namna hiyo asilimia kubwa ni kungoja. Katika filamu zote mbili, mtu wa mwanzo wanayempata kwenye lile genge ni yule mnene, na wanampata kwa kujipanga mtaani wakingoja mtu mnene apite. Hakuna ujanja mwengine. Wanangoja.

Lakini utaratibu wote huu umesimama juu ya jambo ambalo filamu hizi hazilisemi, kwa sababu Hong Kong na Seoul halina haja ya kusemwa: kwamba mji hauwajui watu wake. Hong Kong ni watu milioni 7. Seoul ni karibu milioni 10. Mtu akishuka kituoni anamezwa. Askari naye anamezwa. Wote wawili wanajificha ndani ya watu, na umati huo haumuulizi mtu yeyote swali.

Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Haya, mchukueni askari kanzu wetu. Mwekeni Darajani, sokoni, saa kumi alasiri. Pale hana tabu. Watu wamejaa, samaki wananadiwa, daladala zinaita abiria, anaweza kusimama akachagua maembe nusu saa asiulizwe. Anayemfuata anaondoka, anaingia Mkunazini, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Askari wetu naye anaingia.

Kichochoro kina upana wa Vespa moja na mtu aliyejibana ukutani. Hakuna upande wa pili wa barabara, kwa hivyo yule mtu wa tatu hana pa kutembea. Kona zimekaribiana, ukimwachia nafasi umempoteza, ukimkaribia anasikia viatu vyako, maana kuta zile zinarudisha sauti. Kona ya pili kuna baraza, na barazani wamekaa wazee. Kupita bila ya kutoa salamu haiwezekani, ukipita kimya umeshajitangaza. Basi anasema, "Assalaamu alaykum." Wanaitikia wote, na mmoja anamwangalia. Si kwa ubaya. "Unamtafuta nani, mwanangu?"

Hapo askari wetu afanye nini? Akisema hamtafuti mtu, wazee wataendelea kumzungumza mpaka Isha. Akisema anatafuta nyumba ya fulani, anatajiwa fulani watatu, anaulizwa yupi kati yao, kisha anaitiwa mtoto ampeleke. Sasa mpelelezi wa serikali anaongozwa na mtoto wa madrasa mwenye juzuu kwapani, anapelekwa kwenye nyumba asiyoitaka, atagonga mlango, atakaribishwa, atatiliwa chai. Na mtuhumiwa ameshatokea Sokomuhogo, amekaa Jaws Corner anakunywa kahawa chungu, na mtu wa tatu kumwamkia amemwambia: "Kuna mtu anakuulizia huko Mkunazini, simjui, kavaa viatu vya kufunga kamba."

Mnacheka kwa sababu mnajua ndivyo ilivyo. Wengine wenu ndio hao watoto wa kuwapeleka wageni.

Mtaniambia kuna kamera siku hizi. Zipo, zimefungwa kwenye nguzo za Mji Mkongwe na barabara kubwa, na katika filamu za leo mmeona kamera zinavyosaidia. Lakini kamera inaona, haijui. Ijumaa, saa saba na nusu mchana, misikiti inatoa watu. Kamera imemnasa mtu mwenye kanzu nyeupe na kofia akielekea Malindi. Haya, mtafuteni. Nendeni kwa muuza kahawa mkamuonyeshe picha hiyohiyo, imepigwa kwa nyuma, haina uso: atakwambieni yule ni mtoto wa nani, kwa mwendo wake tu, na kwamba mguu wa kushoto aliuvunja akiwa mdogo alipoanguka mnazini.

Kwa hivyo ninayotaka kukuambieni usiku huu ni haya. Mkikichukua kisa hiki mkakileta Unguja kama kilivyo, mkamvika binti mtandio badala ya koti la Seoul, kitakufieni mikononi. Huku, polisi hawatazami mji kwa siri. Mji ndio unaowatazama polisi. Filamu yetu ya kufuatilia itakuwa ya mtazamaji ambaye ametazamwa tangu hatua ya kwanza, analijua hilo, na hata hivyo kazi lazima aifanye.

Na ataifanyaje? Atahitaji macho ya mtaa. Atahitaji mtu wa barazani, muuza kahawa, mama anayekaanga bajia kwenye kona, kijana wa kuchaji simu. Hapo ndipo drama ilipo, jamani, wala si paani. Mtu huyo ana jina, ana deni dukani, ana binti anayekaribia kuolewa mtaani hapohapo. Akiulizwa, "Fulani alirudi saa ngapi jana?" na akajibu, kesho atamtazamaje mama yake fulani? Katika Eye in the Sky hatuoni kabisa mtu wa kawaida anayelipia gharama ya kutoa habari. Wote ni askari na majambazi. Sisi tunaye, na tuna jina lake la mtaani, na hakuna anayetaka kuitwa jina hilo: shushushu.

Neno hilo nikilisema naona wazee wa safu ya mbele wamenyamaza. Wana haki. Hapa ndipo penye tofauti kubwa zaidi kati ya watazamaji wa Seoul na nyinyi. Filamu ile inamtaka mtazamaji aanze akiwa upande wa mwenye kutazama. Anakubali mapema kwamba askari akimfuata mtu, kuna sababu. Mzanzibari wa umri fulani hakubali mapema hivyo.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wakaja. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani ni kazi yao, na watu wanaishi humo mpaka leo. Lakini hawakuja mafundi wa saruji peke yao. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi ile, alifika hapa mwaka huohuo kushauri namna ya kuunda idara ya usalama. Ameyaeleza mwenyewe kwenye kumbukumbu zake. Huyu ni mtu ambaye idara za kijasusi za Magharibi zilikaa miaka mingi bila ya kuwa na picha ya uso wake. Kama kuna kijana humu anatafuta kisa cha kweli cha mtazamaji asiyeonekana, amekanyaga mawe yetu.

Sitaingia kwenye siasa, mwenyekiti ameniomba nisiingie na nimemuahidi. Nasema la filamu tu. Kuna watu hapa waliolelewa kwenye nyumba ambazo redio iliongezwa sauti kabla ya baba hajasema neno. Muongozaji akiwaonyesha askari kanzu amesimama chini ya dirisha, hawatamuona shujaa. Itabidi awashinde, dakika kwa dakika, aonyeshe kwamba huyu anayetazamwa kweli ameua, na huyu anayetazama kweli ana mipaka. Au asiwashinde, awaache wabaki na shaka mpaka taa ziwake. Mimi ningeandika hiyo ya pili.

Mipaka yenyewe si ya kubuni, na muandishi mzuri huitumia kama kamba ya kumfunga mhusika wake. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na nyumba yake. Katiba ya Muungano ina yake, ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022. Na Polisi, mkumbuke, ni jambo la Muungano. Kijana wenu wa filamu anayefuatilia mtu Chake Chake anafanya kazi ya Jeshi la Polisi Tanzania, na huenda bosi wake ametokea Mwanza au Iringa, hajui kwamba mtu wa Pemba akikwambia "labda" ameshakukatalia. Mwekeni bosi huyo kwenye meza moja na sheha wa shehia, yaani kiongozi wa mtaa. Mimi ningelipa kiingilio kutazama meza hiyo peke yake.

Na nimeitaja Pemba, basi nitakaa huko kidogo, maana filamu ninayoiota iko huko.

Mnajua karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Mnajua vilevile kwamba mnunuzi ni ZSTC, shirika la serikali lililoanzishwa 1968. Na mnajua, ingawa hapa tunasema kwa adabu, kwamba ng'ambo ya mkondo, Shimoni na Mombasa, kuna miaka bei ilikuwa juu kuliko ya huku, na mtu mwenye magunia na mashua alifanya hesabu zake. Bei ya mkulima ilipopandishwa 2011, magendo yalipungua sana. Kabla ya hapo KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, hakikuwa na usingizi msimu wa mavuno.

Sasa hebu ipigeni picha kazi hiyo. Kijiji cha kaskazini, karibu na bandari bubu, mikoko mpaka majini. Msimu umechanganya. Watu wamerudi kutoka mashamba, wanachambua karafuu usiku kwa taa, makonyo huku, karafuu huku, wachumaji wanalipwa kwa pishi. Mchana majamvi yametandazwa kila penye jua, barabarani mpaka kwenye sakafu ya msikiti kwa nje. Harufu imejaa hewa yote; hata nguo zilizofuliwa zinanuka karafuu. Na katika kijiji hicho askari wenu anatakiwa atambue ni gunia lipi, kati ya magunia ya halali yanayokwenda kituoni, litakalogeuza njia usiku.

Macho hayatamsaidia, kwani magunia yote ni sawa. Pua haitamsaidia, kwani kisiwa kizima kinanuka. Angekuwa Unguja, gunia moja la karafuu lililofichwa chini ya nazi lingejitangaza lenyewe. Pemba, msimu, limo ndani ya harufu yake kama mtu wa Seoul ndani ya umati wake. Mnaona? Ule umati tulioukosa Mkunazini tumeupata. Muongozaji wa Hong Kong alificha jambazi ndani ya watu. Sisi tutaficha bidhaa ndani ya harufu, na filamu haina harufu, kwa hivyo itabidi muongozaji aionyeshe kwa nyuso, kwa pua ya ofisa aliyetoka mjini inayochoka siku ya pili, kwa mtoto anayejua karafuu iliyokauka vizuri kwa kuivunja kichwa kwa kucha na kusikiliza.

Mpelelezi wangu wa Pemba ni mwanamke. Amepelekwa kama mwalimu wa skuli, au kama mke wa mwalimu. Anakaa na wanawake wanaochambua. Hakuna anayemshuku kwa wiki ya mwanzo, maana kazi ya mikono imemwingiza. Wiki ya pili wameshamjua wote, wala hawamwambii kwamba wamemjua. Wanamchagulia la kusikia. Yeye naye ameanza kuelewa kwamba anachaguliwa la kusikia, anaanza kusikiliza yale wanayoyaruka. Hiyo ndiyo kazi ya kutazama, kwetu. Hakuna anayemkimbiza mwenzake, na nakuhakikishieni watu watashika viti.

Halafu mpeni usiku wa mwisho chaguo lilelile alilopewa binti wa Hong Kong. Mmeliona: askari mwenzake analala chini anavuja damu, na mtu anayemfuata anazidi kuyoyoma kati ya watu. Amri ni kufuata. Ukisimama umeiharibu kazi ya watu wengi. Binti anapiga magoti, anaziba jeraha kwa mkono, jambazi anapotea. Kwa maoni yangu filamu yote imetengenezwa kwa ajili ya dakika ile, na Cold Eyes kwa uzuri wake wote wa picha haikuifikia. Seoul inang'aa mno. Hong Kong ya Yau Nai-hoi ina joto, ina mabango ya zamani, watu wanatoka jasho. Binti akipiga magoti pale unajua lami ina moto.

Kwa mpelelezi wangu, kule mikokoni, mashua inaondoka na magunia na jina la mwenye mali analijua sasa, amelisikia kwa masikio yake. Na nyuma yake mmoja wa wale wanawake, aliyemfundisha kuchambua, ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali iko mbali, na gari ya pekee iliyo karibu ni ya serikali, imefichwa, ikiwashwa taa mashua itageuza. Sijui atafanya nini. Nimeandika njia zote mbili na zote zinaniudhi, kwa hivyo nakupeni nyinyi.

Neno la mwisho ni la kazi. Zamani mji huu ulikuwa na Majestic pale Vuga, Empire Darajani, Cine Afrique Malindi, na wazee wetu walitazama humo filamu za kila bara. Leo mnaangalia kwenye simu, kila mtu peke yake, na sauti kwenye kisikilizio kimoja. Filamu ya kutazama inahitaji watu waliokaa pamoja wakivutana mikono ya mashati. Kwa hivyo mkitengeneza, msikimbilie kuipandisha mtandaoni siku ileile. Fungeni shuka jeupe ukutani Kisonge, waiteni watu, waambieni na wauza urojo waje.

Na wenye nia ya kupiga picha vichochoroni: ombeni kibali mapema Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, pelekeni mswada mzima na si kurasa mbili nzuri. Mkishapata kibali, msiende mtaani na kamera kwanza. Nendeni kwa sheha, kisha barazani, kaeni, semeni mnafanya nini na ya nani. Mkificha mtatajwa kabla hamjafungua mkoba, na mchezaji wenu aliyevaa sare ya polisi ya kushonesha ataulizwa na polisi wa kweli ameitoa wapi. Sare hiyo nayo ina kibali chake.

Haya, maswali. Kipaza sauti kipelekwe nyuma kule, kwa dada mwenye mtandio wa buluu, alinyoosha mkono tangu nilipokuwa bado niko Pemba, na nadhani hakubaliani na mimi.